Alitaka takwimu, akaandikishwa uchumi: kisa cha Kenneth Arrow

Mwaka 1941 kijana wa miaka 19 alimwendea profesa wake katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kumwomba barua ya kumpendekeza kwa ufadhili wa masomo. Kijana huyo alikuwa Kenneth Arrow. Alikuwa amemaliza shahada ya kwanza City College mwaka uliotangulia, sasa anakamilisha shahada ya uzamili ya hisabati, na shauku yake yote ilikuwa kwenye takwimu. Profesa alikuwa Harold Hotelling, mmoja wa wanatakwimu wakubwa wa Marekani wa wakati ule. Hotelling alimjibu bila kuzunguka: idara ya hisabati haimsikilizi yeye, lakini Arrow akihamia idara ya uchumi, ufadhili atampatia. Arrow akahama.

Wachumi hukisimulia kisa hiki kwa furaha, kwa kuwa kijana yule alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1972, na kwao habari inaishia hapo. Mimi nakichukua kwa upande wa takwimu. Hapa tuna mwanafunzi aliyetoka chuo cha umma cha mjini, kwao hakuna akiba, somo analolitaka halina idara, na muda wa kuamua ni mfupi. Vijana wengi wanaomaliza shahada ya kwanza ya hisabati au uchumi leo na kutaka uzamili wa takwimu wanasimama pale pale aliposimama yeye. Nashikilia kwamba aliamua vizuri, na kwa sababu moja kubwa: alimfuata mwalimu, jina la fani likaja nyuma yake.

Tuanze alikotoka. Arrow alizaliwa New York tarehe 23 Agosti 1921, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliohamia kutoka Romania. Baba yake alikuwa na biashara nzuri hadi uchumi ulipoanguka kuanzia 1929, akapoteza karibu kila kitu, na familia ikaishi kwa shida miaka mingi. Kwa hali hiyo chuo cha kulipia kilikuwa nje ya uwezo wao. Vyuo binafsi vingi vya Marekani wakati huo viliweka pia mipaka ya kimyakimya juu ya idadi ya wanafunzi wa Kiyahudi. City College haikutoza ada. Ilianzishwa mwaka 1847 kwa jina la Free Academy, baada ya wapiga kura wa jiji kukubali kugharimia elimu ya juu kwa watoto wa watu wa kawaida, na karibu miaka mia moja baadaye bado ilikuwa inatimiza ahadi hiyo. Aliyefaulu vizuri sekondari aliingia. Arrow mwenyewe, alipoandika maisha yake kwa ajili ya Nobel, alisema wazi kwamba masomo yake yaliwezekana kwa kuwapo kwa chuo hicho cha bure na kwa kujinyima kwa wazazi wake.

Alihitimu mwaka 1940 akiwa na shahada ya sayansi ya jamii, ila somo lake kuu lilikuwa hisabati. Mchanganyiko huo ni wa ajabu, na mbele utaona ulivyomfaa.

Kuna jambo jingine la City College ambalo kwa maoni yangu halipewi uzito wake. Mwanamantiki Alfred Tarski alitoka Poland kwenda Marekani kwa mkutano mwezi Agosti 1939, na vita vikalipuka akiwa huko, akashindwa kurudi nyumbani. Mwaka 1940 alifundisha City College kwa muda, na Arrow, aliyekuwa mwaka wa mwisho, aliingia darasani kwake kusoma mantiki ya mahusiano: namna ya kusema kwa usahihi kwamba kitu kimoja kinatangulia kingine, kinalingana nacho, au kiko juu yake. Kijana huyo hata alisaidia kusahihisha chapa ya tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Tarski, iliyofanywa na Olaf Helmer. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza, katika chuo cha bure, anafundishwa na mmoja wa wanamantiki wakubwa wa karne nzima. Anayedharau vyuo vya umma vya mjini aanze kwa kujibu hilo.

Lengo lake la kwanza lilikuwa dogo tu: awe mwalimu wa hisabati wa sekondari. Ajira hazikuwapo. Waliofaulu mtihani wa ualimu miaka ya nyuma walikuwa bado kwenye orodha wakisubiri kuitwa. Njia nyingine ilikuwa kampuni za bima, zinazohitaji watu wa kukokotoa hatari ya vifo na viwango vya malipo. Arrow alifanya baadhi ya mitihani ya kazi hiyo na kufaulu, na kwa miaka mingi aliiweka akilini kama akiba yake, hata baada ya vita. Hapo ndipo takwimu ilipomkamata, kwa sababu hesabu za bima, ualimu wa hisabati na sayansi ya jamii vyote vinapita mlango huo.

Basi akavuka kwenda Columbia. Vyuo hivi viwili viko kaskazini mwa Manhattan, na mtu anaweza kutoka kimoja hadi kingine kwa miguu.

Sasa tufike kwenye kiini cha kisa, yaani hali ya takwimu yenyewe. Leo tumezoea kuona idara ya takwimu, shahada ya takwimu, mkuu wa idara na ofisi yake. Mwaka 1941 Columbia haikuwa na idara hiyo, iliundwa 1946. Vyuo vingi vya Marekani vilikuwa hivyo. Somo lilitawanyika: wanasaikolojia walikuwa na kozi yao, wachumi na yao, watu wa elimu na yao, na mara nyingi aliyefundisha hakuwa mtu wa takwimu hata kidogo. Alipewa kozi kwa kuwa mwalimu fulani lazima aifundishe. Hotelling alilipigia kelele jambo hili. Mwaka 1940 alichapisha makala kuhusu ufundishaji wa takwimu katika jarida la Annals of Mathematical Statistics, akieleza jinsi makosa yanavyorithishwa kutoka kitabu kwenda kitabu na walimu ambao hawafuatilii utafiti wa somo wanalofundisha. Alitaka somo lipewe watu wanaolifanyia utafiti na wanaoijua nadharia yake ya hisabati.

Aliyajua hayo kwa kuyaonja. Shahada yake ya kwanza ilikuwa ya uandishi wa habari, Chuo Kikuu cha Washington, 1919. Alikwenda Princeton akitafuta uchumi wa kihisabati na takwimu, asipate wa kumfundisha, akatoka mwaka 1924 na uzamivu wa hisabati katika topolojia, tawi linalochunguza maumbo, eneo lililo mbali kabisa na takwimu. Mwaka 1929 alisafiri hadi Uingereza, kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kukaa karibu na R. A. Fisher, mwanatakwimu mkubwa wa Kiingereza, na kujifunza. Columbia ilipomchukua mwaka 1931, ilimweka idara ya uchumi. Kwa hiyo mtu aliyebuni kipimo cha T², cha kulinganisha wastani wa vigezo kadhaa kwa pamoja, mwaka huo huo wa 1931, na mwaka 1933 akaeleza njia ya kufupisha vigezo vingi kuwa vichache vinavyobeba tofauti kubwa zaidi, alikuwa kwa karatasi za chuo profesa wa uchumi. Kila mwanafunzi wa uzamili anayefungua programu ya uchambuzi wa data leo anatumia njia hiyo ya pili.

Ukiliona hilo, jibu lake kwa Arrow halikuwa hila. Alikuwa akimwambia ukweli kuhusu jengo walilokuwamo: takwimu ninayo mimi, mimi niko uchumi, na fedha ninazoweza kuzigusa ziko uchumi.

Arrow alikuwa na nini mbele yake? Angeweza kubaki hisabati bila ufadhili, maana yake kuongeza mzigo kwa wazazi ambao hawakuwa na fedha. Angeweza kuingia bima na kulipwa mshahara. Na angeweza kufuata njia ya Jacob Wolfowitz, ambayo naiheshimu sana na nataka niieleze.

Wolfowitz alizaliwa Warsaw mwaka 1910, akafika New York akiwa mtoto, akasoma City College na kuhitimu 1931, miaka tisa kabla ya Arrow. Akapata uzamili Columbia mwaka 1933. Kisha, kwa kuwa familia lazima ile, akafundisha hisabati katika shule za sekondari hadi 1942, huku akisoma na kufanya utafiti katika muda uliobaki, na uzamivu akaupata mwaka huo wa 1942 katika Chuo Kikuu cha New York. Katikati ya miaka hiyo alikutana na Abraham Wald, aliyekimbia Vienna mwaka 1938 na kupokewa Columbia kwa msaada wa Hotelling. Wawili hao wakaandika pamoja. Kipimo cha mfululizo kinachobeba majina yao, kinachouliza kama mpangilio wa alama mbili umekuja kwa bahati tu au la, ni cha 1940, wakati Wolfowitz bado anashika chaki sekondari. Mwaka 1948 walithibitisha kwamba njia ya Wald ya kupima hatua kwa hatua, ambako unaacha kukusanya data mara tu ushahidi unapotosha, ndiyo inayohitaji sampuli ndogo kwa wastani.

Mtu anayefundisha mchana na kusoma usiku katika mji mkubwa aliangalie vizuri jina hilo. Ilimchukua muda mrefu, lakini hakutoka kwenye takwimu, na utafiti wake bora ulianza kabla hajaitwa daktari. Tena ukichunguza, naye alishika mtu. Wolfowitz bila Wald ni mwalimu mwenye kipaji aliyechoka jioni.

Arrow hakuwa na ajira ya ualimu ya kumshikilia, kwa hiyo njia hiyo ilifungwa kwake kabla hajaichagua. Akabaki na mawili: ufadhili wa uchumi au bima. Akachukua ufadhili.

Gharama yake haikuwa ndogo. Alihamia fani ambayo hakuijenga toka chini, akalazimika kusoma nadharia ya uchumi kwa kasi ili afaulu mitihani ya idara. Vita vikamchukua mwaka 1942 hadi 1946, akawa afisa wa hali ya hewa katika jeshi la anga. Huko takwimu ilimfuata. Yeye na wenzake walipewa utabiri wa hali ya hewa wa mwezi mzima mbele, wakaupima kwa vipimo walivyofunzwa, wakakuta hautofautiani na kubahatisha. Wakapendekeza usitishwe. Jibu lililorudi, kama Arrow alivyolisimulia baadaye, ni kwamba jenerali anajua utabiri haufai, ila anauhitaji kwa ajili ya kupanga mipango. Kila mtakwimu wa serikali au wa shirika atalitambua jibu hilo. Kipimo kinaweza kuwa sahihi na bado kisibadilishe uamuzi wa mkubwa, na mafunzo ya darasani hayakuandai kwa siku hiyo. Kutokana na kazi hiyo ya jeshi ndipo ilipotoka makala yake ya kwanza kuchapishwa, ya mwaka 1949, kuhusu kutumia upepo katika kupanga safari za ndege.

Aliporudi Columbia mwaka 1946 alikuta nyumba imehama. Idara ya takwimu ndiyo kwanza imezaliwa, chini ya Wald, na Hotelling ameondoka mwaka huo huo kwenda Chapel Hill, Chuo Kikuu cha North Carolina, alikopewa nafasi ya kujenga idara. Arrow akabaki na mitihani aliyofaulu na tasnifu asiyokuwa nayo. Hapa ndipo wengi wangesema alikosea: angesubiri miaka mitano tu, idara ya takwimu ingekuwapo! Sikubaliani. Mwaka 1941 hakuna aliyejua kama idara itaundwa, na uamuzi hupimwa kwa kile kilichojulikana siku ulipofanywa. Hilo ni somo la msingi kabisa la nadharia ya maamuzi, ambayo Wald mwenyewe ndiye aliyeiwekea misingi.

Na ule mchanganyiko wa ajabu wa City College ukaanza kulipa. Mwaka 1947 alikwenda Chicago, Tume ya Cowles, mahali ambapo wachumi na wanatakwimu walikaa meza moja. Tjalling Koopmans akamshauri aachane na wazo la bima. Mwaka 1948, akiwa RAND, taasisi ya utafiti iliyolifanyia kazi jeshi la anga, kwa majira ya joto, aliulizwa swali na Olaf Helmer, mtafsiri yule yule wa kitabu cha Tarski: nadharia ya michezo, yaani hisabati ya maamuzi ya wanaoshindana, inazungumzia matakwa ya mtu mmoja, je, tunaweza kusema taifa zima lina matakwa? Arrow alidhani ni jambo la kuandika maelezo mafupi. Alipojaribu, kura za wengi zikaanza kuzunguka: A anamshinda B, B anamshinda C, na C anamshinda A. Akachukua lugha ya mahusiano aliyofundishwa City College akathibitisha kwamba, machaguo yakifika matatu au zaidi, hakuna njia ya kuunganisha matakwa ya watu itakayotimiza masharti machache ya haki yote kwa pamoja. Hiyo ikawa tasnifu yake, na uzamivu akaupata Columbia mwaka 1951, miaka kumi baada ya ile barua.

Je, alipotea kwa takwimu? Angalia mwaka 1949. Makala aliyoandika na David Blackwell na M. A. Girshick kuhusu maamuzi ya hatua kwa hatua, kwa mtazamo wa Bayes, unaoanza na dhana ya awali na kuirekebisha kadiri data inavyoingia, ni takwimu tupu, ingawa ilitoka katika jarida la wachumi, Econometrica. Na Stanford ilipomwajiri mwaka huo ilimpa cheo cha uchumi na takwimu pamoja. Mtu aliyeambiwa achague mlango mmoja aliishia kufundisha katika yote miwili.

Jambo linalonishawishi zaidi kuwa mwalimu ndiye kipimo ni waliokuja baada yake kutoka City College. Marvin Zelen alihitimu hapo 1949, Seymour Geisser 1950. Wote wawili walikuwa watoto wa New York, na idara ya Columbia sasa ilikuwapo, karibu na nyumbani. Wote wawili walikwenda Chapel Hill. Zelen akachukua uzamili huko 1951 na baadaye akawa nguzo ya majaribio ya tiba za saratani. Geisser akafanya uzamivu 1955 chini ya Hotelling mwenyewe. Herman Chernoff, aliyehitimu City College 1943, naye alikwenda mbali, Chuo Kikuu cha Brown. Chuo cha bure kiliwapa msingi wa hisabati usiotikisika, kisha kila mmoja akafuata alipo mtu wa kumwongoza.

Kwetu milango nayo haifanani. Makerere ilianzisha mwaka 1969 taasisi iliyobeba takwimu na uchumi tumizi katika jina moja, na hadi leo takwimu yake iko upande wa biashara na menejimenti. Nairobi takwimu imekaa na hisabati. Mhitimu mwenye shahada ile ile akiomba uzamili sehemu hizo mbili atakutana na walimu waliofunzwa tofauti, mitihani tofauti ya kuvuka, na wafadhili tofauti. Kabla ya kujaza fomu, asome tasnifu za wanafunzi waliomaliza karibuni na aone zilisimamiwa na nani, kisha amwandikie huyo. Na akiuliza kuhusu fedha, aulize barua ya msimamizi huyo ina nguvu katika ofisi ipi. Hotelling alimweleza Arrow hilo bila kuulizwa, wengi hawaelezi.

New York yenyewe imebadilika. Albert Bowker, aliyesoma takwimu Columbia na kuongoza idara ya takwimu ya Stanford tangu mwanzo wake 1948, alirudi mjini na kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York, kinachoiunganisha City College na vyuo vingine vya umma, kuanzia 1963 hadi 1971. Mwaka 1970, chini yake, milango ilifunguliwa kwa kila mhitimu wa sekondari za jiji. Mwaka 1976, jiji likiwa limeelemewa na madeni, ada ikaanza kutozwa. Leo vyuo viwili vya mfumo huo, Hunter na Baruch, vinatoa shahada ya uzamili ya takwimu. Kijana wa aina ya Arrow angeipata takwimu bila kubadilisha fani wala kuomba ruhusa ya idara nyingine, ila tangu siku ya kwanza ya shahada ya kwanza angekuwa analipa.